NYUMBA NA SHULE: Miezi ya Kungoja Kidato cha Tano



Mwezi huu twapenda kusema habari za hesabu, na hasa habari za vijana waliomaliza kidato cha nne, nao wangoja kuingia kidato cha tano. Mara nyingi wazazi hutuuliza hivi: "Mtoto wetu alifaulu hesabu vizuri, nasi tukafurahi. Mbona amefika shule ya juu, na katika jaribio la kwanza amepata alama ambazo hakupata kuziona tangu utoto wake? Je, akili zake zimepotea njiani?"

Swali hili ni la haki, maana jambo lenyewe laumiza nyumba nzima. Kijana aliyezoea kusifiwa huona haya, akaficha karatasi zake. Na baada ya miezi michache huomba abadilishiwe masomo, na ile nia yake ya kuwa mhandisi au mpima ardhi ikafa kimya kimya. Nasi twajibu ya kuwa akili hazikupotea. Kilichompata ni kwamba alikuwa na nyufa ndogo katika msingi, na nyumba ya chini ilisimama juu yake bila shida. Sasa imejengwa orofa, na msingi umelemewa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twataka kuonyesha nyufa hizo ni zipi, na jinsi zinavyoweza kuzibwa nyumbani, pasipo fedha nyingi, kabla ya shule kufunguliwa.

Kwanza tuitazame kalenda. Katika Tanzania mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanywa mwezi wa Novemba. Matokeo hutoka kwa kawaida mwezi wa Januari, na masomo ya kidato cha tano huanza mwezi wa Julai. Basi tangu kijana alipoiweka kalamu chini hata aishike tena darasani hupita miezi ipatayo 7. Tena mtihani wa kidato cha sita umekuwa ukifanywa mwezi wa Mei, hata ile tunayoiita miaka 2 ya shule ya juu ni miezi ipatayo 22 tu, nazo likizo zimo humo humo. Kumbe miezi ya kungoja ni karibu theluthi ya muda wote wa masomo yenyewe! Jembe lililotundikwa miezi 7 hushika kutu, na hesabu ni vivyo hivyo.

Pili, tujue tofauti ya masomo haya mawili. Hesabu ya kidato cha nne hufanywa na karibu wanafunzi wote, na kwa miaka mingi walioshindwa wamekuwa wengi kuliko waliofaulu. Kwa hiyo kijana aliyefaulu huonekana hodari sana kati ya wenzake. Lakini akichukua Fizikia, Kemia na Hesabu, au Uchumi, Jiografia na Hesabu, hukutana na Hesabu ya Juu, yenye karatasi 2 za mtihani. Humo mna vekta, mantiki, trigonometria iliyo ndefu kuliko ile aliyoizoea, na kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko. Darasani nako wote walioketi naye ni wale waliofaulu, wala mwalimu hana nafasi ya kurudia mambo ya kidato cha pili. Huyachukua kuwa yanajulikana, akaendelea.

Na hapo ndipo nyufa zinapoonekana. Walimu waliosahihisha madaftari mengi wanazijua, nazo kubwa ni tatu.

Ufa wa kwanza ni alama ya kutoa. Mpe kijana hesabu hii: 5 − (2 − 3). Wako wengi watakaoandika 5 − 2 − 3, wakapata 0. Lakini ndani ya mabano mna −1, na 5 ukiondoa −1 ni 6. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano humgusa kila mmoja aliyemo ndani, si yule wa mlangoni peke yake.

Ufa wa pili ni mabano yenye kipeo cha pili. Muulize kijana (3 + 4) kipeo cha pili ni ngapi. Kwa namba atajibu vema, 7 mara 7 ni 49. Lakini mpe herufi, (a + b)², naye ataandika a² + b², bila kufikiri. Kama kanuni hiyo ni kweli, basi 9 na 16 zingefanya 49. Nazo hufanya 25 tu. Je, zile 24 zimekwenda wapi? Chukueni kijiti mkachore chini shamba la mraba, kila upande hatua 3 na hatua 4. Pigeni mstari mahali hatua 3 zinapokutana na hatua 4, kwa urefu na kwa upana. Mtaona viwanja vinne: kimoja cha 9, kimoja cha 16, na viwili vya 12. Kijana wetu amevisahau vile viwanja viwili vya 12. Akiisha kulichora shamba hilo mara moja kwa mkono wake, ni vigumu avisahau tena.

Ufa wa tatu ni sehemu. Nusu na theluthi, yaani 1/2 + 1/3, wengine huandika 2/5, kwa kuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu! Mtu alikuwa na nusu ya mkate, akaongezewa theluthi, naye amebaki na pungufu ya nusu. Nani atakubali biashara hiyo? Jawabu ni 5/6, maana asili zao hazina budi kufanywa moja kwanza. Njia ni ile ile kwa herufi: 1/x + 1/y ni (x + y)/xy. Tena wako wanaoiona (x + 6)/6, wakazifuta 6 zote mbili, wakabaki na x. Waiweke 12 mahali pa x: 18 kwa 6 ni 3, wala si 12. Basi wamefuta kisichofutika.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni makosa ya watoto, yanahusianaje na kidato cha tano?" Na tumpe mfano mmoja, maana ndio moyo wa maneno yetu ya leo. Watu wengi huiogopa kalkulasi kana kwamba ni elimu ya siri. Swali lake la kwanza ni jepesi kulieleza: njia ipandayo mlima, mahali hapa niliposimama, mteremko wake ni mkali kiasi gani? Chukua mstari uliopinda ambao y yake ni x². Umesimama mahali x ilipo 1, na y ni 1. Ukienda mpaka x iwe 2, y huwa 4. Umepanda 3 kwa mwendo wa 1, basi mteremko ni 3. Lakini hapo umekwenda mbali. Nenda karibu, mpaka 1.1: y ni 1.21, umepanda 0.21 kwa mwendo wa 0.1, mteremko ni 2.1. Nenda karibu zaidi, mpaka 1.01: y ni 1.0201, na mteremko ni 2.01. Mwaona zinakokwenda? Zakaribia 2. Hiyo 2 ndiyo mteremko wa mahali pale uliposimama, na mtoto yeyote ajuaye kugawanya aweza kulifuata jambo hili.

Sasa mwalimu wa kidato cha tano hufanya hivyo kwa herufi, ili asirudie namba nyingi. Mwendo mdogo auita h. Huandika (1 + h)² − 1, akagawanya kwa h. Ajuaye shamba la viwanja vinne hupata 1 + 2h + h², huondoa 1, hugawanya kwa h, akabaki na 2 + h. Na h ikipungua mpaka kukaribia kutoweka, jawabu hukaribia 2, kama tulivyoona. Lakini kijana mwenye ule ufa wa pili huandika 1 + h², huondoa 1, hugawanya, akabaki na h tupu. Na h ikitoweka, jawabu lake ni 0. Yaani asema njia ni tambarare kabisa mahali ambapo macho yaona inapanda! Mwalimu humpiga mkasi mwekundu, na kijana husema moyoni, "Mimi siiwezi kalkulasi." Kumbe kalkulasi aliielewa vema. Alichokosa ni viwanja viwili vya shamba, somo ambalo angalifundishwa nyumbani kwa kijiti na mchanga. Vijana wangapi wameacha masomo waliyoyapenda kwa sababu hawakuambiwa neno hili?

Basi yafanywe nini katika miezi ya kungoja? Twatoa shauri hili.

Kijana apumzike kwanza. Mwezi wa Desemba na uwe wake. Tangu Januari ajiwekee nusu saa kila siku, siku 5 kwa juma, saa ile ile, mahali pale pale. Kwa majuma 24 hizo ni saa 60, na kabla ya Julai amemaliza. Nusu saa ya kila siku yafaa kuliko saa nyingi za siku moja na kisha kuacha mwezi mzima. Majuma 6 ya kwanza na yawe ya zile nyufa tatu: alama, mabano na sehemu, kwa namba kwanza, na kisha kwa herufi. Majuma 6 yafuatayo yawe ya kutafuta vigawo, na ya milinganyo, pamoja na ile ya kipeo cha pili, na kuipindua kanuni ili herufi anayoitaka isimame peke yake. Maana kazi hiyo ya mwisho ataikuta kila siku katika fizikia. Majuma 6 ya tatu yawe ya vipeo na logarithimu, ya kuchora grafu kwa mkono, na ya pembetatu mraba. Majuma 6 ya mwisho achanganye yote, akitumia karatasi za mitihani iliyopita, na hapo ndipo afungue sura ya kwanza ya kitabu kipya.

Afanyeje kazi yake? Awe na daftari moja la kazi hii tu. Kila mstari auandike chini ya mwenzake, na alama ya sawasawa aiheshimu, maana ni mizani: upande wa kushoto hauna budi kulingana na wa kulia. Asiandike 3 + 4 = 7 × 2 = 14, kwa kuwa 3 na 4 si 14. Kosa asilifute, alipige mstari mmoja, aandike sahihi kando yake, na baada ya juma moja airudie hesabu hiyo bila kutazama. Tena akitia shaka juu ya kanuni yoyote, aweke namba mahali pa herufi aone kama inasimama. Kikokotoo cha simu na kikae kando wakati wa sehemu na alama, kwa sababu champa mtu jawabu wala hakimfundishi njia.

Watu watauliza habari za masomo ya kulipia, ambayo wengi huyaita twisheni, yanayofanywa mijini katika miezi hii. Hatuyakatazi. Ila mzazi aulize kwanza: huko wanafundisha nini? Kama wanakimbilia kalkulasi siku ya kwanza, na kijana ana nyufa, atarudi na daftari lililojaa maneno mapya, na nyufa zake ni zile zile. Mzazi asiye na fedha hizo asihuzunike. Kitabu cha zamani cha kidato cha tatu, kalamu, na daftari vyatosha kwa kazi tuliyoitaja.

Sasa neno kwa wazazi ambao hawakupata kusoma sana. Msiseme, "Hesabu hizi hatuzijui, tutamsaidiaje?" Msaada wenu ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Jioni mama aweza kumwita akasema, "Mwanangu, hebu nieleze, hiyo 24 imetoka wapi?" Kijana akiweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili safi, mama akaelewa, basi amelijua jambo hilo kweli. Akiishia kusema, "Ndivyo tulivyofundishwa," hajalijua bado, hata kama ameandika jawabu sahihi. Vijana wetu husoma sekondari kwa Kiingereza, na mara nyingi hukariri maneno bila kushika maana. Mzazi anayeuliza kwa lugha ya nyumbani huwafanyia kazi ambayo shule haina nafasi ya kuifanya.

Na neno jingine, wala tusilifiche. Binti akirudi nyumbani miezi hii hupewa maji, kuni, wadogo zake na jiko, mpaka usiku umeingia na macho yamechoka. Kaka yake aliyemaliza naye mtihani ule ule huonekana barazani na kitabu. Kisha Julai wote wawili huketi darasa la hesabu, na binti akishindwa watu husema, "Hesabu si za wasichana." Je, mlimpa nusu saa yake? Kazi za nyumbani ni za watoto wote. Zigawanyeni, na ile nusu saa ya binti iwekwe wakati wa mchana, akili ikiwa macho, asiombwe kuinuka.

Kwa walimu twasema haya machache. Mwalimu wa kidato cha nne na ampe kila kijana anayeondoka karatasi moja yenye kutaja nyufa zake, maana yeye ndiye anayezijua. Mwalimu wa kidato cha tano naye na atoe jaribio fupi katika juma la kwanza, la mambo ya zamani tu, lisilo la kuwaaibisha watu wala la kubandikwa ukutani, ili ajue nani ana ufa gani. Siku nne au tano zitakazotumika hapo hazikupotea. Zitarudi zenyewe mwezi wa Oktoba. Na katika kusahihisha, atazame njia na si jawabu peke yake. Kijana aliyekosa kwa sababu ya alama ya kutoa na aambiwe hivyo waziwazi, asije akadhani somo zima limemshinda.

Wala hatusemi kila kijana achukue Hesabu ya Juu. Wako ambao vipawa vyao viko kwingine, na kuchagua njia nyingine si aibu. Twataka tu kijana achague kwa kujua, wala asifukuzwe na makosa yanayoweza kurekebishwa katika majuma 6.

Miezi ya kungoja yaweza kuzaa matunda. Mwaka 1665 tauni ilipoenea Uingereza, chuo cha Cambridge kilifungwa, na kijana wa miaka 22, Isaac Newton, akarudi kwao Woolsthorpe, shambani. Katika muda wa karibu miaka 2 aliyokaa huko zaidi ndipo alipoweka misingi ya kalkulasi, ambayo Leibniz, Mjerumani, naye aliifikia baadaye kwa njia yake mwenyewe. Hatusemi watoto wetu watakuwa Newton wote. Lakini angalieni ya kwamba hakwenda nyumbani mikono mitupu: kabla ya chuo kufungwa alikuwa amekwisha kusoma kwa bidii jiometri ya Descartes, na juu ya hiyo alijenga. Hata jina la aljebra latoka katika neno la Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Na maana yake ni kurejesha, kuunga kilichovunjika. Kazi tunayowapa vijana wetu miezi hii ni hiyo hiyo.

Twaweka hapa hesabu 7 za kuanzia. Kijana azifanye bila kikokotoo, bila kutazama majibu. Atakayekosa 2 au zaidi na aanze na zile nyufa tatu kesho.

1. 7 − (4 − 9)
2. (−2)³ + 10
3. 3/4 − 1/6
4. Fungua mabano: (x − 5)²
5. Tafuta x: x² − 7x + 12 = 0
6. Jumlisha: 1/x + 1/(2x)
7. Katika mstari wa y = x², tafuta mteremko kutoka x = 3 mpaka x = 3.1. Ukikaribia 3 zaidi na zaidi, mteremko wakaribia namba gani?

Majibu twayatoa papa hapa, ili mzazi asiyejua hesabu aweze kusahihisha. Ayafunike kwa mkono mpaka kijana amalize.

1. 12. 2. 2. 3. 7/12. 4. x² − 10x + 25. 5. 3 na 4. 6. 3/(2x). 7. 6.1, nao wakaribia 6.

Basi, wazazi na walimu, mkiwa na kijana nyumbani anayengoja Julai, msimwache angoje bure. Salaam kwa wote waliomo nyumbani mwenu.